Wapopo (Wanigeria) tulio nje: naira inayowatesa nyumbani ndiyo inayotunenepesha sisi (uzi mrefu, njoo na chai)

Mnaija wa Gerezani:

Habari za jioni wakuu.

Kuna uzi humu watu walikuwa wanabishana eti Nigeria wana mafuta kibao afu bado wanalia petroli ghali, mmoja akasema wamelaaniwa, mwingine akasema hao kazi yao unga tu. Nikaanza kujibu kulekule, nikaona jibu linakuwa refu kuliko uzi wenyewe, bora nifungue wangu.

Anayeandika ni Mpopo halisi. Muigbo wa Nnewi, jimbo la Anambra. Niko Bongo toka enzi za JK (Kikwete), nauza spea za magari Gerezani, mke wangu Mchaga wa Marangu, watoto Kiigbo wanakielewa pale tu bibi yao anapowagombeza kwenye simu. Kiswahili changu ni cha dukani, mkiona kimepinda mnyooshe wenyewe. Na kwa wasioijua Nnewi, ule ni mji wa spea, Nigeria nzima ukitafuta kifaa cha gari au pikipiki kinatoka kwetu au kimepitia kwetu, kwahiyo mimi kukaa Gerezani sio bahati mbaya.

Naanza na mafuta maana ndo mnayoyapenda. Ni kweli tunachimba. Ila serikali ilikuwa na viwanda vinne vya kusafishia, viwili Port Harcourt, kimoja Warri, kimoja Kaduna, na kwa miaka mingi vyote vilikuwa vinakula mishahara na bajeti ya matengenezo bila kutoa petroli ya maana. Tunauza mafuta ghafi, tunanunua petroli nje, serikali inafidia bei ili raia anunue rahisi. Mwaka 2022 peke yake ruzuku ilikula zaidi ya naira trilioni 4. Na usidhani raia ndo aliila yote, petroli ya ruzuku ilikuwa inavuka mpaka kwenda Benin na Cameroon kwa madumu na malori, ikifika huko inauzwa kwa bei ya huko, mtu anajenga ghorofa.

Tarehe 29 Mei 2023 rais mpya, Tinubu, anaapishwa pale Abuja, kwenye hotuba yake akatamka kwamba ruzuku imeondoka. Siku hiyohiyo foleni vituoni. Lita iliyokuwa chini ya naira 200 ikaruka mpaka karibu 500 ndani ya siku chache, na ilipofika Oktoba 2024 sehemu nyingi ilishavuka 1,000. Kiwanda cha Dangote pale Lekki, kile cha mapipa 650,000 kwa siku, kilianza na dizeli Januari 2024, petroli ikaja Septemba, bei baadae ikapoa kidogo ila ile ya zamani sahau.

Mimi sikupinga ruzuku kuondolewa, na hapa Wanaija wenzangu wengi watanirushia mawe. Ulikuwa wizi, ukitetea wizi kwa sababu na wewe unapata kijiko kimoja basi ujue mwenye sufuria anakucheka. Kilichoniudhi ni mpangilio. Katikati ya Juni 2023, hata mwezi haujaisha toka petroli ipande, benki kuu ikaiachia naira itafute bei yake yenyewe sokoni. Dola iliyokuwa naira 460 na kitu kwa bei rasmi ikaenda mia saba na kitu, Februari 2024 ikavuka 1,500. Yani umemvua mtu shati na suruali kwa mkupuo mmoja, kituo cha basi, mvua inanyesha. Kima cha chini cha mshahara kikabaki naira 30,000 mpaka Julai 2024 ndo wakapandisha kuwa 70,000, na hiyo 70,000 kipindi hicho hata gunia la mchele la kilo 50 ilikuwa hailinunui.

Sasa hapo ndo penye jambo langu, na hili huwa hatulisemi sisi tulio nje.

Mwaka 2022 nikitaka mama yangu apate naira laki moja, kwa bei rasmi ya benki ilikuwa inanitoka zaidi ya laki tano za Kibongo. Mwaka 2025 naira laki moja hiyohiyo nikawa naipata kwa laki na sabini hivi. Sijafanya chochote. Sijaongeza duka, sijauza zaidi, nimekaa tu hapa Gerezani na oil filter zangu, naira imeanguka, na mimi nimekuwa tajiri kwetu. Kiwanja ambacho nilikuwa nakiota, nimekinunua. Matofali ya ukuta nimepiga kwa hela ambayo zamani isingetosha msingi.

Bei nazo zimepanda kule, ndio, usinikatize, kwahiyo laki ya leo sio laki ya zamani. Ila hela yangu ya huku ilikimbia kuliko bei ya vitu vingi vya kule, hasa kazi ya mikono. Fundi, dereva, msichana wa kazi, mwalimu wa tuisheni, hao mishahara yao haikuruka pamoja na dola. Mimi ndo nimeruka.

Sasa fikirieni mtaa. Kwetu Nnewi siku hizi kuna nyumba zenye mtu nje na nyumba zisizo na mtu nje, hivyo ndivyo tulivyogawanyika, sio Mkatoliki na Muanglikana tena. Mama yangu ananipigia simu ananiambia "dola imepanda, Mungu mkubwa", kwa moyo safi kabisa, maana kwake dola kupanda ni kwamba hela ya mwanae itakuwa nyingi mwezi huu. Ukuta wa pili anakaa mwalimu mstaafu. Watoto wake wote wako palepale Nigeria, wamesoma, wana digrii, wanalipwa naira. Huyo mzee dola ikipanda anapunguza mlo. Na ni majirani wanapendana, mama anampelekea supu, lakini ile simu ya furaha mama anaipigia ndani chumbani asisikie mwenzie.

Ndo nikaanza kujiuliza, kama nyumba zenye sauti kijijini, zenye mtu wa kuandika barua, wa kumjua mbunge, wa kufoka kwenye kikao, zote zina mtu nje, nani atapiga kelele?

Chukulia umeme. Nchi ya watu zaidi ya milioni 200 gridi yake inatoa megawati elfu nne mpaka tano hivi, na mwaka 2024 gridi ilianguka mara nyingi mpaka watu wakageuza utani. Aprili 2024 wakaja na madaraja ya wateja, ukiwa daraja A unaahidiwa saa 20 kwa siku ila unit ikatoka naira 68 ikawa 225. Mtaani kwetu transfoma ikalipuka. Kisheria sio yetu, ni ya shirika linalotuuzia umeme. Tukaandika, tukasubiri, wapi. Mwisho umoja wa kijiji ukafungua grupu la WhatsApp, mweka hazina akawa anabandika orodha kila jioni: jina, nchi unayokaa, kiasi, alama ya vyema. Houston amelipa, Guangzhou amelipa, Milano amelipa nusu, Dar es Salaam (ndo mimi) bado. Basi usiku wa manane unaamka kwenda chooni unakuta jina lako liko peke yake halina alama, utalala? Nikalipa. Transfoma ikanunuliwa, ikafungwa, na toka siku hiyo ni mali ya shirika, bili tunaletewa sisi. Na siku ya kuizindua ilikatwa utepe, kuna mwanasiasa alikuja kupiga picha, hakutoa hata waya.

Wachaga wa humu mnanielewa. Shemeji zangu Desemba wanapanda Marangu na gari zimejaa, kila mtu na ukoo wake, barabara ya kijiji wanachanga wenyewe. Kwetu ni hivohivo, kila Muigbo Desemba ni nyumbani, foleni ya daraja la Niger pale Onitsha ilikuwa inalaza watu barabarani mpaka daraja la pili lilipofunguliwa rasmi Mei 2023. Tofauti ni kwamba siku hizi wanaotoka nje wakitua tu bei ya kila kitu inapanda, kuku, hoteli, ukumbi wa harusi, mpaka kusuka nywele. Kijana aliyebaki nyumbani anaufunga mwaka akiwa mgeni kwenye sherehe za kijiji chake.

Ngosha Halisi:

Mkuu nimesogeza kiti kabisa. Hapo kwa mama kupigia simu chumbani umenigusa. Endelea kushusha, afu tuambie hawa vijana wa Kiigbo wanaofundishwa biashara bado wapo? Nilisikia mna mfumo mzuri.

Mnaija wa Gerezani:

Wapo mkuu, mimi mwenyewe ni zao la huo mfumo. Unatolewa kwenu ukiwa kijana mdogo unakwenda kukaa kwa bosi, unafagia, unabeba mizigo, unajifunza bei, unajifunza uongo wa wateja, miaka mitano sita saba, mshahara hakuna, chakula na malazi kwake. Ukimaliza kwa uaminifu anakufungulia, anakupa mtaji na wewe uanze. Sisi Waigbo baada ya vita ya Biafra, pale mashariki tulipojaribu kujitenga na Nigeria, hatukuwa na kitu, huu mfumo ndo ulitusimamisha.

Sasa angalia naira ilivyoupiga. Bosi kamuahidi kijana naira milioni mbili. Mwaka 2015 milioni mbili ilikuwa kama dola elfu 10, unakwenda China unarudi na mzigo unaoonekana. Mwaka 2025 milioni mbili hiyohiyo ilikuwa kama dola 1,300. Kijana katumika ujana wake wote, anapewa bahasha, anaifungua anakuta hela ya kununua rafu mbili za plagi. Na bosi sio mwizi, naye mtaji wake umeyeyuka. Wanaanza kugombana, kesi zinakwenda kwa wazee, wazee hawana la kuamua maana wote wawili wana haki. Matokeo yake vijana hawataki tena kukaa miaka sita wanasubiri, wanataka cha haraka. Mkiona wanajaa kwenye utapeli wa mitandaoni msiseme ni damu, nyie wafanyabiashara mnajua mtu akishaona uaminifu haulipi anakwenda wapi.

Mzee wa Pugu Road:

Acha kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa wewe. Wapopo mmeharibu Sinza yote, kila mkikamatwa ni unga au mmemtapeli dada wa watu mapenzi ya mtandaoni. Huko kwenu mmeshindwa mmekuja kwetu, sasa unatufundisha uchumi.

Mnaija wa Gerezani:

Mzee wangu shikamoo. Wapo, sikatai, na wakikamatwa wafungwe, mimi ndo wa kwanza kufurahi maana kila mmoja akikamatwa mimi polisi wananisimamisha wiki nzima. Ila nina kibali, nina leseni, nalipa kodi yangu na mashine ya risiti ipo hapa kaunta. Karibu dukani, breki pedi nitakupunguzia.

Na kuhusu kushindwa, ngoja nikupe kitu kimoja cha kwenu. Mwaka 1968, tarehe 13 Aprili, Biafra inapigwa inakufa njaa, nchi ya kwanza duniani kututambua ilikuwa Tanzania. Nyerere. Ojukwu, kiongozi wa Biafra, kwao ni Nnewi, kwetu. Marehemu baba yangu nilipomwambia nahamia Dar hakuuliza habari ya biashara wala usalama, alisema tu nenda, kule kwa Nyerere hakuna neno. Vita ilipoisha Januari 1970 baba alikuwa na akiba yake benki, serikali ikaamua kila mtu wa Biafra aliyekuwa na hela benki apewe pauni 20, uwe uliweka mia au elfu kumi, pauni 20. Akaanza upya.

Ndo maana Februari 2023 walipobadilisha noti mama yangu alichanganyikiwa. Mnakumbuka? Benki kuu chini ya gavana wake Emefiele ilitoa noti mpya za 200, 500 na 1,000, za zamani zikaondolewa wiki chache kabla ya uchaguzi, na mpya hazikuwepo. Watu wana hela benki hawawezi kuzitoa. Mawakala wa mtaani walikuwa wanakata mpaka naira 200 au 300 katika kila 1,000 ili wakupe noti. Mama mzima amekaa kibarazani anarudia "wanatuchukulia tena, wanatuchukulia tena". Mahakama ya Juu ikaja kusema Machi noti za zamani ziendelee, tayari wauza nyanya wameshaozesha mizigo.

Wambui wa Roysambu:

Sasa msee, na huyu Nnamdi Kanu wenu, kiongozi wa wanaotaka Biafra ijitenge, aliyenyakuliwa hapa Nairobi 2021, mbona humtaji? Korti yetu ilisema mwaka 2025 kwamba alichukuliwa kinyume cha sheria, na serikali ikaambiwa ilipe. Hapa tulibishana sana, wengine walisema ni mgaidi, wengine shujaa. Nyinyi wenyewe mnaonaje?

Mnaija wa Gerezani:

Dada Wambui umenigusa pabaya. Sitamwita shujaa na sitamwita gaidi, nitakueleza Jumatatu. Agosti 2021 kukatangazwa watu wa mashariki wakae ndani kila Jumatatu mpaka aachiwe. Baadae watu wake wenyewe wakatangaza basi inatosha, nani anasikia, bunduki zilishashika watu wengine. Kwenye habari za kwetu wanawaita watu wasiojulikana, hahaha, Wabongo mnacheka nini.

Miaka hiyo soko la spea Nnewi Jumatatu kimya. Chukua duka lolote, siku sita za biashara, moja imekufa, kodi ya fremu mwenye nyumba anahesabu siku zote. Mtoto mwenye mtihani Jumatatu anajificha njiani. Sisi Waigbo tunasema tunaonewa na Abuja, na ni kweli tunaonewa, ila Jumatatu tulikuwa tunajifungia wenyewe kwa kuogopa vijana wetu wenyewe. Na walio nje ndo waliokuwa wanashangilia zaidi kwenye mitandao, mtu yuko Ujerumani anaandika "hakuna kufungua duka", yeye Jumatatu kaamka kaenda kazini kapata yuro zake. Unaona tunarudi palepale.

binti_wa_Chumbageni:

Shemeji pole. Swali langu, uchaguzi wa 2023 vijana si walijitokeza sana na yule mgombea wa upinzani, Peter Obi? Ikawaje? Na nyie wa nje mlipiga kura?

Mnaija wa Gerezani:

Ahsante shemeji. Wa nje hatupigi kura, sheria haituruhusu. Tunatuma karibu dola bilioni 20 kwa mwaka nchi nzima ila kura hakuna.

Vijana walijitokeza kwenye mitandao na kwenye mikutano, na kule mashariki Obi alizoa, hata Lagos alimshinda Tinubu nyumbani kwake. Lakini walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 93 na waliopiga kura hawakufika milioni 25. Tinubu alishinda kwa milioni 8.8 hivi. Nchi ya zaidi ya milioni 200! Tume ya uchaguzi iliahidi matokeo ya kila kituo yatapandishwa mtandaoni palepale, ya urais yakagoma kupanda siku hiyo. Watu wakakata tamaa, wengi wa waliokuwa wanapiga debe leo wako Uingereza na Canada, manesi, wahandisi, watu wa kompyuta. Yule ambaye ungemtegemea 2027 asimame foleni anasimama foleni ya viza.

Na wakubwa nao wanatibiwa nje. Buhari, rais wa miaka minane, kafia London Julai 2025, palepale alipokuwa akienda kutibiwa akiwa madarakani. Mama yangu ana pumu. Mwaka 2023 kampuni kubwa ya dawa ya Uingereza ilifunga shughuli zake Nigeria, pampu zikaadimika, zikapanda bei vibaya. Nanunua hapa Kariakoo, namtafuta anayesafiri, nampa anibebee. Yani kila mtu ana London yake, ya mama yangu ni duka la dawa la mtaa wa Msimbazi.

Kijana wa Houston (Mbongo):

Bro mimi nakubishia. Niko Texas huku, nimezungukwa na Wanaija, ni watu wa shifti mbili, usiku nesi, mchana anaendesha teksi. Unasema naira ikianguka mnanenepa, wao wanasema naira ikianguka simu za kuomba zinaongezeka. Zamani alikuwa anasaidia mama na mdogo wake, sa hivi mpaka mwalimu aliyemfundisha darasa la tatu anaomba ada ya mjukuu. Dola moja inanunua zaidi, sawa, ila inatakiwa kwa watu kumi zaidi. Nani kanenepa hapo?

Mnaija wa Gerezani:

Hoja yako nzito, na yule mwalimu mstaafu jirani na mama ameshaniomba, kwa aibu, kupitia kwa mama. Nampa. Lakini bado naona tofauti ipo. Jamaa wa Houston anachoka mwili, ila akisema hapana anayekosa ni yule wa Nnewi. Zamani huyo mwalimu alikuwa anaidai serikali pensheni yake, haki yake, ana barua, ana namba ya faili. Sa hivi ameacha kwenda ofisini, anakuja kwa mama. Deni la serikali limehamia kwangu na linaitwa msaada, na mimi naitwa mtu mwema, kijijini nimeshaanza kutajwa kwenye mambo ya uchifu, niwe na kofia nyekundu! Muuza spea!

binti_wa_Chumbageni naona umeandika chini "kwahiyo mnaacha kutuma?" Hapana, siachi, mama anapumulia hizo pampu. Ninachotaka ni orodha ile ya mweka hazina ibandikwe pia kwa diwani na mbunge, na risiti ya transfoma wapelekewe wale wa shirika la umeme, watukate kwenye bili. Nimelisema hilo kwenye grupu. Wawili waliweka dole gumba, mmoja akaandika "Dar es Salaam acha siasa", mazungumzo yakahamia kwenye mazishi.

Leo asubuhi wameleta mchango mpya, gari na mafuta ya sungusungu wa mtaa maana utekaji umesogea mpaka barabara ya shambani. Wa ndani naira elfu 20, wa nje dola 200. Nikamuuliza mweka hazina kwa nini sisi tunaandikiwa kwa dola, akanijibu kwa sauti, anacheka, "ndugu yangu, hiyo ndo hela isiyooza". Diwani yumo humohumo kwenye grupu, kaweka dole gumba.

Nafunga duka wakuu, maswali mengine nitajibu kesho. Mzee wa Pugu Road, pedi ni za Noah au IST?